Mtunzaji wa Pili wa Usimwite Jirani

Ijulikane kwa watu wote wa Wilaya ya Kibiti, wa nchi kavu na wa mikokoni, wenye vyeo na wasio navyo, kwamba asubuhi ya Ijumaa ile dola ilimwita mpelelezi wake mahiri kuliko wote aje alikabili jambo lililowashinda wakubwa. Mpelelezi huyo alikuwa na jicho la kipanga, hatua za paka na akili inayokata pande zote mbili. Wakati anaitwa alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya sufuria la maharage, anakwangua ukoko kwa kipande cha gunia, akitumikia adhabu ya kumtia kaa wa mikokoni, mzima na magando yake, ndani ya ndoo ya kuogea ya dada mkuu.

Jina lake Semeni, wa Kidato cha Tatu, Sekondari ya Bweni ya Nyakitope, nje kidogo ya mji wa Kibiti. Dola iliyomwita ilikuwa Mwalimu Consolatha, mkuu wa shule, mwanamke mrefu aliyetoka bara na kuletwa pwani na uhamisho, ambaye hakupenda kaa, hakupenda mizaha, na siku hiyo hakuwa na mtu mwingine wa kumwita.

Ofisini Semeni alimkuta mgeni. Alikuwa mwanamke mzee, kajifunga kanga juu ya kanga, matope ya barabara ya Ruaruke yamemkaukia miguuni. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Semeni akamwamkia shikamoo kwa magoti yaliyokunjika, maana adabu ni nusu ya upelelezi, na mama yule akaitikia marahaba ndefu, akamwita mjukuu wangu, akauliza kwao wapi. Mbwera, kwenye delta, Semeni akajibu. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba kufika kutoka Mbwera kulikuwa tayari sehemu ya shahada.

Huyo ndiye Bi Zabibu, na kesi ilikuwa yake.

Mwalimu Consolatha aliieleza kwa ufupi. Yale mafuriko makubwa yalipozoa mashamba ya bondeni yalizoa na maghala, na katika maghala mlikuwa na mbegu. Ndipo klabu ya kompyuta ya shule ikabuni Ghala la Mbegu. Wanafunzi walikwenda likizo kila mmoja kijijini kwao, wakawauliza wazee wanatunza mpunga gani, kisha wakarudi na kuingiza yote kwenye kompyuta. Sasa aliyepoteza mpunga wake anaufungua ukurasa, anaandika jina la mpunga, na anaonyeshwa watunzaji waliobaki nao, akaombe konzi moja aanze upya.

Mpunga wa Bi Zabibu uliitwa Usimwite Jirani. Ukichemka, harufu yake humleta jirani bila kuitwa. Aliuleta mumewe, Mzee Amri, walipooana, na waliupanda pamoja mpaka Amri alipofariki. Maji yalichukua ghala, uchaga na mbegu yote. Bi Zabibu alikuwa amezunguka vijiji vyote alivyovijua akauliza, na kila alikofika aliambiwa wao walikwishauacha mpunga huo zamani, wanapanda wa dukani.

Wiki iliyopita Mwalimu Consolatha alikuwa amefungua ukurasa na kuona, mbele ya jina Usimwite Jirani, kwamba watunzaji ni wawili. Mmoja alikuwa Bi Zabibu mwenyewe. Mtandao ulikuwa unakwenda kwa kujikongoja siku hiyo, jina la pili halikufunguka, lakini hakungoja. Akampigia simu mzee wa watu aje. Leo mzee kaja, ukurasa ukafunguliwa, na mtunzaji ni mmoja tu, yeye mwenyewe asiye na mbegu.

Mwalimu Joachim, fundi wa mambo yote ya kompyuta pale shuleni, alikuwa njiani akirudi kutoka Dar es Salaam kwenye semina. Simu yake ilikuwa haipatikani, na nakala ya akiba ya Ghala ilikuwa kwenye flashi ndani ya begi lake. Basi lake lilitarajiwa mchana. Lakini mbingu zilikuwa zimeanza kujikunja upande wa kusini, na kijana wa bodaboda aliyemleta Bi Zabibu alikwishasema kwamba mvua ikitangulia kushuka, yule mzee atalala Kibiti.

"Mjukuu wangu," Bi Zabibu akasema, "mpunga huo nimeolewa nao. Mume nimemzika, sikuwa na la kufanya. Mpunga sitaki kuuzika."

Mwalimu Consolatha akatazama dirishani. Kisha akamwambia Semeni kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa klabu, na ndiye anayejitangaza bwenini kuwa mpelelezi, basi leo apeleleze. Akimpata mtunzaji wa pili, masufuria yaliyobaki yatasamehewa.

Semeni akakunja mikono ya sweta na kwenda zake maabara.

Jambo la kwanza alilolifanya ni lile linalofanywa na kila mpelelezi mwenye kujiheshimu: alimzuia kila mtu kugusa chochote, ingawa maabara haikuwa na mtu. La pili, alimhoji Mzee Ridhiwani, mlinzi, aliyekuwa mtuhumiwa wa kwanza kwa sababu zilizo wazi. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini Mzee Ridhiwani huzima swichi kubwa ya maabara, kwa imani yake kwamba umeme si kitu cha kuachwa peke yake bila mtu mzima. Klabu ililalamika mara nyingi. Semeni akamweka kitini na kumuuliza kama Ijumaa iliyopita alizima. Mlinzi akakiri bila woga, akaongeza kwamba na leo atazima.

Nadharia hiyo ilikuwa tamu lakini haikuishi. Semeni akafungua ukurasa wa Ghala na kutafuta mpunga mwingine, kisha mwingine. Wote walikuwapo, na watunzaji wao kamili, kutoka Umwe mpaka visiwani. Umeme ukikatika ghafla unaweza kuvuruga kitu, lakini hauchagui. Hauwezi kupita juu ya mamia ya majina ukamnyofoa mtu mmoja. Hili lilikuwa na mkono wa binadamu. Mzee Ridhiwani akaachiwa huru, akaondoka akisema kwamba hata polisi wa kweli hawajawahi kumkalisha kwenye kiti kibovu namna ile.

Nadharia ya pili aliileta Mwalimu Consolatha mwenyewe, aliyekuwa ameshindwa kukaa ofisini. Alikumbuka kumsikia Mwalimu Joachim akifundisha kwamba kontena, yaani kile chumba cha kufikirika ambamo programu huwekwa ndani ya kompyuta ifanye kazi peke yake bila kugombana na wenzake, likiondolewa huondoka na vyote vilivyomo. Na alijua kwamba Jumatano Badru, makamu wa Semeni kwenye klabu, alilifunga kontena moja. Haikuwa dhahiri sasa kwamba yule mtunzaji amekwenda nalo?

Semeni akaomba radhi na kueleza, kwa sauti ya daktari anayempa ndugu habari. Makontena yalikuwa mawili. La kwanza liliitwa ghala, na humo ndimo ilimokaa hifadhidata, majina yote na mpunga wote. Hilo Mwalimu Joachim aliliunganisha na diski ya mashine yenyewe, hata likibomolewa na kujengwa upya, vitu vyake viko nje salama. La pili lilikuwa zana ya kusimamia hifadhidata, ambayo unaiwasha unapoihitaji, ukaifungua kwenye kivinjari kama ukurasa wowote, ukaona majedwali, ukarekebisha, ukafuta. Wanaklabu walilibatiza Dirisha. Alilolifunga Badru ni Dirisha, nalo halikuwa na punje hata moja ndani yake.

"Ukivunja dirisha, mwalimu, ghala haliwi tupu," Semeni akasema. "Lakini aliyepitia dirishani anaweza kuwa ameiba."

Mwalimu Consolatha akavuta kiti na kuketi. Kwa mara ya kwanza tangu kisa cha kaa alionekana kuvutiwa.

Mpelelezi akaandika amri ya kuonyesha makontena yote, hata yaliyolala. Dirisha likatokea kwenye orodha. Lilikuwa limesimamishwa, halikuondolewa. Semeni akashusha pumzi, akamweleza mkuu wa shule kwamba tofauti ya hayo mawili ni kubwa mno. Kontena lililosimamishwa ni kama mtu aliyelala, kumbukumbu zake anazo zote. Lililoondolewa halina hata kaburi. Badru, kwa uvivu wake uliotukuka, alikuwa ameacha ushahidi mzima mzima.

Kabla ya kuusoma alipunguza watuhumiwa. Dirisha likifunguka huuliza mambo matatu: seva ni ipi, wewe ni nani, na nenosiri. Swali la kwanza ndilo lililowaangusha wanafunzi karibu wote. Walizoea kujibu kwa neno lenye maana ya hapa hapa, kwenye mashine hii hii. Lakini Dirisha limo ndani ya kontena lake. Ukiliambia hapa hapa, linajitazama lenyewe, halioni hifadhidata yoyote, linakukatalia. Lazima uliambie jina la kontena la pili, ghala. Hilo walilijua watu watatu tu, nao ni Mwalimu Joachim, Badru na Semeni.

Mwalimu Joachim alikuwa Dar. Mpelelezi hakujihesabu, kwa sababu wapelelezi hawajihesabu. Akabaki Badru.

Kumbukumbu za Dirisha zilikuja zikimwagika kwenye skrini. Zilionyesha kila mlango uliogongwa, ulipogongwa na kutoka kompyuta ipi. Hazikuonyesha kilichoandikwa, ila zilionyesha jedwali lililoguswa. Semeni akazipandisha taratibu kwa kidole. Jumatano, wakati wa klabu, mashine ya pembeni mwa feni mbovu, jedwali la watunzaji, tena na tena na tena. Mashine ya pembeni mwa feni mbovu ilikuwa kiti cha Badru tangu Kidato cha Kwanza. Aliipenda kwa kuwa hapo mwalimu akisimama mbele hamwoni mtu anayesinzia.

Mwalimu Consolatha akanyanyuka amwite. Semeni akamwomba amwachie, akisema mtuhumiwa wa aina ile humwaga maneno akiwa na mwenzake, akimwona mkuu wa shule anakuwa jiwe. Mkuu wa shule akakubali na kurudi kwa mgeni wake.

Badru alikuwa bombani anafua sare, povu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mtoto wa Umwe, mwembamba, mwenye kucheka kwa mabega. Alipomwona Semeni anakuja na daftari na kalamu akajua kuna mchezo.

"Afande," akasema, "nina haki ya wakili?"

"Una haki ya kunyamaza, ambayo tangu uzaliwe hujawahi kuitumia. Jumatano uliingia kwenye jedwali la watunzaji. Ulifanya nini?"

Badru hakuona sababu ya kuficha. Mwalimu Joachim, kabla ya kusafiri, alimwagiza asafishe. Wakati wa mafunzo kila mwanaklabu alijaribu kuingiza majina ya uongo ili ajifunze, na majina hayo yalikuwa bado humo. Maofisa wa wilaya walitarajiwa kuutazama ukurasa, na mwalimu hakutaka waone upuuzi. Basi Badru akawasha Dirisha, akasoma majina moja moja. Lililokuwa jina la mtu akaliacha. Lisilokuwa jina la mtu akalifuta, na mfumo wenyewe ukafuta mpunga ulioandikwa chini yake, maana ndivyo ulivyopangwa: mtunzaji akiondoka, mpunga wake unamfuata.

"Taja uliowafuta."

"Nilimfuta Mfalme wa Ugali. Nikamfuta Jini wa Bweni la Nne. Nikamfuta Waziri wa Maharage, ambaye nadhani ni mimi mwenyewe." Akasuuza kola ya shati, akaitazama kwenye mwanga. "Halafu kulikuwa na mmoja anaitwa Mume Wangu Kibogoyo. Kijiji, kwa mke mkubwa. Huyo nilimwonea huruma, afande, lakini sheria ni sheria."

Kalamu ya Semeni, iliyokuwa ikienda vizuri mpaka hapo, ilisimama.

Hapa inabidi kueleza jambo ambalo msomaji wa pwani analijua toka tumboni. Babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike humwita babu yake mume wangu, humwita bibi yake mke mwenzangu au mke mkubwa, humgombeza kwamba mchuzi umezidi chumvi na bwana mzima kakonda, na watu hucheka, na bibi hujibu kwa maneno makali zaidi, na hayo ndiyo mapenzi ya nyumba. Mzee Mustapha wa Mbwera, babu yake Semeni mzaa baba, alikuwa amepoteza jino lake la mwisho mwaka jana kwenye muwa. Likizo ilipofika Semeni alimkalisha, akamuuliza anatunza mpunga gani. Babu akautaja mmoja mmoja, na yeye akauandika. Mpunga wa babu, kwake, ulikuwa wali tu, hakuutofautisha. Aliporudi maabara, kwenye kisanduku cha jina, vidole vikamwasha. Alidhamiria kurekebisha kesho yake. Kesho ile ilikuwa imekaa huko huko iliko mpaka leo.

Semeni akamuuliza Badru, kwa sauti isiyokuwa ya kipelelezi tena, kama anakumbuka mpunga uliokuwa chini ya huyo kibogoyo. Badru akasema ulikuwa wa namna kadhaa, na mmoja anaukumbuka kwa kuwa ulimtia njaa. Usimwite Jirani.

Semeni akafunga daftari, akamwambia shahidi kwamba anaweza kuendelea na kola.

Kutoka bombani hakwenda ofisini. Alikwenda kwa Mzee Ridhiwani getini, akamwomba simu. Mlinzi, aliyekuwa bado anakikumbuka kile kiti kibovu, alimfanya aombe radhi mara mbili, ndipo akampa, kwa sharti asiseme kwa mkuu wa shule kwamba simu ile huwa inazungukia wanafunzi.

Mzee Mustapha alipokea haraka. "Mke mdogo. Leo shule imefungwa, au umefukuzwa?"

"Bado, mume wangu."

Akamuuliza juu ya Usimwite Jirani. Babu akasema upo, masuke yamefungwa vizuri, yako uchagani juu ya meko yanakula moshi, maji hayakufika huko. Semeni akauliza mbegu aliipata wapi. Babu akacheka kile kicheko chake cha ufizi mtupu. Zamani, akasema, alikata boriti za mikoko pamoja na mtu mmoja wa Ruaruke, mtu wa watu, anaitwa Amri. Siku ya kuagana Amri alimtia mkononi masuke machache, akamwambia ayafiche ndani ya kikapu, kwa sababu mkewe aliapa kwamba mpunga ule hautoki nyumbani kwao. Mke yule alikuwa mkali, babu akasema. Mzuri, lakini mkali.

Wingu la kwanza lilikuwa limekwishafika juu ya shule Semeni aliposimama mbele ya meza ya Mwalimu Consolatha, mikono nyuma, kifua mbele. Akatoa taarifa. Mtunzaji wa pili amepatikana, akasema, kwa njia za kisayansi zisizohitaji kufafanuliwa. Ni Mzee Mustapha wa Mbwera. Mbegu ipo, kavu na salama. Kisha akasimulia habari ya boriti, masuke na kikapu, na hili alilisimulia vizuri, kwa kuwa lilistahili.

Bi Zabibu alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Halafu akajifunika uso kwa upindo wa kanga, na mabega yakaanza kucheza, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Alipofunua uso ilikuwa yote mawili.

"Amri," akasema, kama mtu aliyekaa chumba cha pili. "Kumbe uligawa. Nilihesabu masuke mwaka ule nikasema ni panya. Nikamfuga na paka."

Mwalimu Consolatha naye alitoa leso. Alimwambia Semeni kwamba ameitendea shule jambo kubwa, kwamba masufuria yamesamehewa, na kwamba Jumatatu mstarini atalitaja jina lake kwa wema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akauliza, kwa kumalizia tu, ni nani aliyemfuta.

Semeni akatazama dari. Akasema ushahidi unaelekeza kwenye hitilafu. Kulikuwa na usafi wa kawaida wa takwimu, na katika usafi ule mstari mmoja ulikuwa, tuseme, haujavaa vizuri. Hakuna wa kulaumiwa. Makontena, akasema, bado ni teknolojia changa.

Ndipo mlango ulipogongwa, akaingia Mwalimu Joachim, begi begani na vumbi la barabara kuu kwenye nyusi, mkononi mfuko wa machungwa aliyonunua kwenye dirisha la basi. Akaelezwa yaliyotokea. Alifurahi, akamsalimu Bi Zabibu kwa mikono miwili, akampa machungwa, kisha akasema haitoshi mtu kupatikana, lazima arudishwe mahali pake ili mwingine asihangaike. Nakala anayo. Twendeni, mama naye aone jina la mwenyeji wake kwa macho yake.

Semeni alisema huenda mama kachoka. Mama alisema hajachoka hata kidogo. Semeni alisema mvua. Mwalimu Joachim alisema ni kazi ya dakika chache.

Na ilikuwa hivyo. Mwalimu Joachim alifanya kazi yake kwa uzuri ambao siku nyingine Semeni angeupigia makofi. Hakuigusa hifadhidata iliyopo. Aliwasha kontena jipya kando yake, tupu, akamwaga ndani yake nakala ya kwenye flashi, kisha akaliamsha Dirisha na kulielekeza huko, ili wachungulie ya wiki iliyopita bila kuchafua ya leo. Akawasha projekta. Ukuta wa maabara ukawa jedwali. Badru, aliyekuwa amesikia harufu ya sherehe, alikuwa amesimama mlangoni na shati bichi begani.

Mwalimu Joachim akaandika Usimwite Jirani kwenye kisanduku cha kutafutia. Mistari miwili ikapanda ukutani, mikubwa kama ya gazeti. Wa kwanza ulikuwa wa Zabibu, Ruaruke. Wa pili aliusoma kwa sauti, kwa sababu Bi Zabibu alikuwa amemwomba amsomee.

"Mtunzaji, Mume Wangu Kibogoyo. Kijiji, kwa mke mkubwa." Akasita. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa kumaliza mstari, akasoma na safu ya mwisho. "Aliyeingiza, Semeni."

Feni mbovu ililia mara moja, ikanyamaza.

Mwalimu Consolatha aligeuka polepole sana. Alikuwa ameishi pwani miaka michache tu, na kwa sheria za shule za bweni, msichana wa Kidato cha Tatu mwenye mume, awe na meno au asiwe nayo, ni jambo la bodi. Badru alijibana mdomo kwa shati lake bichi. Mpelelezi mkuu wa Wilaya ya Kibiti akajikaza, akainua kidevu, na kwa utulivu ambao vizazi vijavyo vitausimulia, Semeni akaanza kueleza kwamba mtuhumiwa, kwa nia njema kabisa, alikuwa

Mwalimu Consolatha amesimama nyuma ya kiti changu. Ndiye aliyenipa kazi ya kuandika maelezo ya tukio zima kabla ya chakula cha jioni, naye amekuja kuyachukua. Amesoma mpaka hapo juu, ameweka kidole kwenye neno Semeni, ameuliza huyu msichana ninayemsimulia kama vile simjui ni nani.

Ni mimi, mwalimu.

Badru alifuta alichoagizwa kufuta. Mimi ndiye niliyeweka mzaha mahali pa jina la babu yangu. Nilijua toka bombani, nikanyamaza, nikapokea na sifa. Lau Bi Zabibu angekuwa mtu wa kukata tamaa upesi, leo angekwisharudi Ruaruke kupanda mpunga wa dukani, na wa marehemu ungekwisha kwa sababu yangu. Nilimwambia hivyo hivyo pale pale maabara, nimepiga magoti, mbele ya ukuta wenye maneno yangu. Badru aliacha kucheka. Kuhusu mume, Mwalimu Joachim na Bi Zabibu walimweleza mkuu wa shule kwa pamoja, na alichukua muda kuelewa.

Bi Zabibu aliuliza tu kama huyo babu yangu ananipenda. Nikasema sana. Akasema basi mzaha ulikuwa mahali pake, ila kisanduku ndicho hakikuwa chake. Kisha akatoa hukumu, na Mwalimu Consolatha ameitia sahihi. Kesho mimi na Bi Zabibu tunakwenda wote wawili, bodaboda mpaka Nyamisati na boti mpaka Mbwera. Mke mkubwa atasalimiwa kwa heshima zake, lakini juu ya uchaga, kwenye moshi, kuyashusha yale masuke, nitapanda mimi. Kwao Ruaruke, akasema Bi Zabibu, mbegu haiombwi kwa mume, huombwa kwa mke, na mke, kwa maandishi yangu mwenyewe, ni mimi.